Mazoezi ya mwili kwa wanaoanza kazi ya sauti

Kila mwaka kwaya za hapa Mwanza hupokea waimbaji wapya, na shule hupokea walimu wapya ambao hawachelewi kusimama mbele ya darasa lililojaa bila kipaza sauti. Wengi wao hunijia kutafuta dawa ya koo, iwe tangawizi, asali au limau. Mimi huwauliza kwanza ni lini mara ya mwisho walipanda mlima wa Bugando kwa miguu.

Swali hilo halina mzaha. Sauti huzaliwa pale pumzi inapopita katikati ya nyuzi mbili ndogo zilizomo ndani ya zoloto, kile kisanduku cha sauti kilichoko kooni, na kuzitikisa. Mwanamume anapozungumza, nyuzi hizo hugongana mara 100 hivi kwa sekunde, mwanamke mara 200 hivi, na msoprano, yaani mwanamke anayeimba sauti ya juu, anayefika kwenye noti za juu kabisa huvuka mara 1,000. Kazi ya kusukuma pumzi hiyo hufanywa na misuli ya mbavu na ya tumbo pamoja na kiwambo kilichoko chini ya mapafu. Misuli hiyo ikichoka kabla ya ubeti kuisha, mwimbaji hubana koo ili kufidia pumzi iliyopungua, na hapo ndipo sauti inapoanza kukwaruza.

Msidanganywe kwamba kukimbia kutawaongezea ukubwa wa mapafu, kwa maana kwa mtu mzima badiliko hilo ni dogo mno. Kinachoongezeka ni ustahimilivu wa misuli, na moyo hujifunza kutulia upesi, hivyo mtu hafiki kwenye kiitikio akiwa anahema. Tena ugumu katika uimbaji hauko katika kuvuta pumzi. Uko katika kuiachia kidogo kidogo. Ninaowafundisha huwaambia waweke viganja kwenye mbavu za chini, vidole gumba vikielekea mgongoni, kisha wapande taratibu mteremko wa Capri Point wakivuta pumzi kwa hatua 4 na kuitoa kwa mlio wa "sss" kwa hatua 8. Viganja vinapaswa kusukumwa nje na kurudi polepole. Mabega yakipanda, zoezi limeharibika, nanyi rudini kwenye tambarare mpaka mwili uzoee.

Kipimo cha ukali wa zoezi mnatembea nacho. Kama mnaweza kuimba huku mkitembea, mwendo ni mwepesi mno. Kama mnaweza kuzungumza lakini kuimba kunashindikana, mwendo unatosha. Kama hata sentensi moja haikamiliki, mmezidisha. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa watu wazima dakika 150 hadi 300 za mwendo huo wa wastani kwa wiki, na mwanakwaya anayetembea kwenda mazoezini tayari amezipata nyingi. Na kwa kuwa katika mwendo unaotosha kuimba hushindikana, mimi si shabiki wa mchakamchaka, yaani kukimbia kwa kikundi huku mkiimba, kwa waimbaji, ingawa najua wengi tumelelewa nao: kukimbia ni kuzuri, lakini kupayuka huku miguu ikipiga chini na pumzi ikikatika ni kuziadhibu nyuzi za sauti asubuhi mapema. Kimbieni kimya.

Kuhusu kunyanyua vitu vizito, nendeni soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, mkamsikilize mbebaji anapojitwisha gunia la dagaa. Mguno ule mfupi hutoka kwa sababu mwili hufunga zoloto ili kifua kikaze na kuhimili uzito, na nyuzi za sauti ndizo zinazobanwa. Sikatazi jimu, nasema toeni pumzi wakati wa kunyanyua, na mzigo usionyanyulika bila mguno upunguzeni.

Kuogelea hufundisha pumzi vizuri sana, kwa kuwa maji hukulazimisha kuivuta kwa haraka na kuitoa taratibu. Hata hivyo ziwa letu lina kichocho, kwa hiyo tafuteni bwawa lililotunzwa. Wanaokimbia barabarani watoke alfajiri, kabla vumbi na moshi wa magari havijaamka, na wanywe maji kidogo kidogo siku nzima badala ya kugugumia lita nzima dakika chache kabla ya kuimba.

Siku ya tamasha, zoezi zito liacheni. Matembezi mafupi, kuzungusha mabega na kulegeza shingo na taya vinatosha, kisha mpumzike mpaka pumzi irudi puani ndipo mwanze kupasha sauti kwa noti za chini. Sauti ikikwaruza baada ya tamasha, ipeni siku kadhaa za utulivu. Ikipita wiki 3 bado inakwaruza, mwende kwa daktari wa masikio, pua na koo, wala msijaribu kuitibu kwa mazoezi zaidi.