Mwanangu, kuhusu yale mafumbo ya usaili

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma. Waniuliza kama ukae ukariri mafumbo kabla ya usaili mwengine, kwa kuwa ile ofisi ilikuuliza kwa nini mfuniko wa shimo la maji machafu ni duara, kisha Mombasa ina tuktuk ngapi, na kazi yenyewe ni ya kutunza hesabu. Wasema ulinyamaza, ukatoka ukijiona mjinga.

La kwanza ni kitendawili tu. Bibi yako akitega "nyumba yangu haina mlango" ulijibu "yai" kwa sababu ulishalisikia kwake, si kwa kuwa uliumiza kichwa. La mfuniko ni vivyo hivyo: duara halitumbukii ndani ya shimo lake uligeuze upendavyo, ilhali mraba ukiusimamisha hupita kwenye mshazari. Aliyelisikia hujibu, asiyelisikia atoe mji. Ila kwa bibi ukitoa mji mwacheka, na zamu yako ya kutega yafika. Kwenye usaili hutega mmoja tu, tena jibu analo mfukoni.

Swali hilo lilivuma kwa Microsoft huko Marekani, wengine wakaiga. Google nao waliyapenda mafumbo, hadi 2013 mkuu wao wa mambo ya waajiriwa, Laszlo Bock, akaliambia gazeti la New York Times kwamba ni kupoteza wakati: hayaonyeshi nani ataiweza kazi, humfanya tu muulizaji ajione hodari. Wenyewe wameyaacha, kwetu ndiyo kwanza yaingia!

La tuktuk ni jengine. Hapo watakiwa kukadiria. Uliza kwanza: kisiwani tu, au pamoja na Likoni na Kisauni? Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 1.2 kaunti nzima. Wangapi hupanda tuktuk kwa siku? Moja hubeba abiria watatu. Hupiga safari ngapi kutwa? Gawanya, na useme kwa sauti unavyogawanya. Hilo lifanyie mazoezi, jioni moja yatosha.

Muda uliobaki utie kwenye kisa kimoja cha kweli: siku hesabu zilipokataa kulingana, ulianza kutafuta wapi, ulimuuliza nani, zikaishaje. Bock alisema maswali ya aina hiyo, yakipimwa kwa kipimo kimoja kwa kila mtu, ndiyo yafaayo. Mimi dukani nikitaka karani humpa daftari la jana na risiti zake, nikamwacha atafute kasoro. Robo saa nishamjua. Fumbo la nini?

Wakikutegea usilolijua, usinyamaze. Sema hulijui, eleza ungeanzia wapi, kisha waombe wakupe hesabu zao uzikague mbele yao.

Na ofisi ile, Ijumaa ikipita hawajapiga simu, peleka karatasi zako kwengine. Usiwangoje.

Mama yako