Msiba ambao haukuliliwa

Swali lenu la wiki hii, "Vita vinaanzia wapi, tumboni, mfukoni au kichwani?", limenikaa siku 3 nzima. Najua wengi watasema mfukoni, ardhi, madini, wakubwa wanagombania ulaji, na mi sibishi, ila naomba nisemee kichwani, ile sehemu ya ndani ambayo mtu mwenyewe hajui kama anayo.

Mwaka 1932 Albert Einstein alimwandikia barua Sigmund Freud, yule daktari wa Vienna aliyeanzisha tiba ya kuchimbua yaliyojificha akilini, akamuuliza swali linalofanana na lenu, kuna njia gani ya kumwokoa binadamu na vita. Freud akajibu kwamba ndani ya kila mtu kuna nguvu mbili, moja inapenda na kuunganisha, nyingine inabomoa na kuua, na hii ya pili isipopata wa kumla nje inamla mwenyewe. Barua zikachapishwa 1933, mwaka uleule Hitler akashika nchi na vitabu vya Freud vikachomwa moto Berlin, na 1938 mzee wa watu ana miaka 82 akakimbilia London, dada zake 4 waliobaki Vienna wakafia mikononi mwa Wanazi.

Namheshimu sana lakini jibu lake halinitoshi, kwa sababu kama hiyo nguvu ya kuua kila mtu anayo na anayo siku zote, mbona watu wa Bosnia waliishi mtaa mmoja, wakaoana, wakazikana, halafu 1992 ndo wakageukiana? Lazima kuna kitu kinaiamsha.

Aliyenifungua macho ni daktari mmoja wa Italia, Franco Fornari, ambaye miaka ya 1960 alieleza kwamba vita ni namna ya kukwepa kuomboleza. Yaani umefiwa, una uchungu, na chini ya uchungu kuna hatia, maana huyo marehemu kuna siku ulimchukia, kuna siku ulimtelekeza, na hatia hiyo haibebeki, sasa badala ya kuilia unamtafuta wa nje unamwambia wewe ndo umemuua. Nilipokutana na mawazo hayo niliweka simu chini kabisa, kwa sababu hayo nimeyaona kwetu kwa macho yangu.

Babu alikufa kwa presha mwezi wa saba, mi niko darasa la sita. Dawa zilikuwa zimemwishia na wanawe wako mjini, kila mmoja anadhani mwenzake ametuma hela. Siku ya pili ya matanga watu wamekaa wameinama, kimya, mmoja akasema hapa kuna mkono wa mtu. Jamani, ule ukumbi wa turubai ulibadilika palepale! Waliokuwa wameinama wakanyanyua vichwa, macho yakapata uhai, kama watu waliokuwa na njaa wakaletewa chakula. Likatajwa jina la dada yake babu, bibi mjane asiye na mtoto, na kabla ya arobaini alishafukuzwa, masufuria yake yako barabarani. Na baba zangu hao wadogo hakuna aliyelia, sio siku ile, sio miaka yote iliyofuata.

Hiyo kwangu ndo vita yenyewe, imetoshea kwenye boma moja.

Ukitaka kuiona kwa ukubwa wa taifa nenda Serbia. Vamık Volkan, daktari wa akili mzaliwa wa kisiwa cha Kupro, anasema kila taifa huwa na jeraha lake la kuchagua, sio kwamba lilichagua kuumizwa, hapana, linachagua kidonda kipi likibebe, wazazi wanawarithisha watoto kilio ambacho wao hawakukimaliza. Waserbia wamebeba mapigano ya Kosovo ya mwaka 1389, ambayo wao huyakumbuka kila 28 Juni, mtawala wao Lazar alipouawa wakipigana na Waturuki wa Osmani. Ilipokaribia miaka 600, mabaki ya Lazar yakatembezwa sehemu kwa sehemu, watu wakayapokea kwa kilio utadhani amefariki jana. Kile hakikuwa kilio cha kumzika mtu, kilikuwa cha kumfukua. Halafu 28 Juni 1989, uwanja ni uleule wa Kosovo, rais wa Serbia Slobodan Milošević akasimama mbele ya umati mkubwa mno akasema wako tena kwenye mapambano, bado sio ya silaha, ila hata hayo hayawezi kuondolewa kwenye hesabu. Julai 1995, kwenye vita ile ya Bosnia, jenerali wa Waserbia wa huko, Ratko Mladić, anaingia mji wa Srebrenica, anaongea mbele ya kamera kwamba sasa umefika wakati wa kulipiza kisasi kwa Waturuki. Waturuki gani? Pale hapakuwa na Mturuki, walikuwa Waislamu wa Bosnia, wanaongea na yeye wakaelewana bila mkalimani, na ndani ya siku chache wanaume na wavulana zaidi ya 8,000 wakauawa kwa kosa la mwaka 1389.

Huku kwetu neno lilikuwa madoadoa, Kenya, uchaguzi wa 2007, wakiitwa hivyo majirani wa kabila lingine. Doa ni uchafu ulioko kwenye nguo yako wewe, ukimwita jirani doa manake unachukua uchafu wako unamvika yeye, ukimwondoa unajiona msafi. Rwanda Watutsi wakaitwa mende, na wakubwa wa ile redio iliyotangaza hivo walihukumiwa hapahapa Arusha 2003. Hakuna anayekosa usingizi kwa kuua mende, na hilo neno lilichaguliwa kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo wa mfukoni nawaelewa, aliye juu anahesabu hela zake kweli. Lakini kijana anayeshika panga hagawiwi hizo hela, na bado anatoka usiku, anakwenda. Anakwenda kwa sababu ana aibu na misiba ambayo hakuna aliyekaa naye akaililia, akaja mtu na kipaza sauti akamwambia kuna mkono wa mtu.

Mwaka juzi nilikaa na baba yangu mdogo mmoja nyuma ya nyumba, nikamuuliza tu, baba, dawa za babu ziliisha lini? Alinyamaza mpaka nikajuta kuuliza. Halafu akasema, "Tangu Pasaka, mwanangu," akaanza kulia, mtu mzima ana mvi, analia kwa sauti mpaka giza likaingia. Asubuhi yake aliniuliza kama najua yule bibi alizikwa wapi.