Nani Aliyewanyamazisha Waliopinga Vita?

Barua tatu tulizozichagua safari hii zinahusu Wamarekani waliopingana na serikali yao wenyewe, na jinsi vyombo vya habari vya nchi yao vilivyowapokea.

SWALI: Ndugu Mhariri, Katiba ya Marekani inalinda uhuru wa habari, na sijasikia kwamba Rais George W. Bush alifungia gazeti lolote. Ilikuwaje basi magazeti na televisheni karibu zote zikaimba wimbo mmoja kuhusu silaha za maangamizi za Iraq, zilizotajwa kuwa sababu ya vita vya 2003, ambazo hazikupatikana? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ni kweli kwamba hakuna gazeti lililofungiwa, na kwa sababu hiyo swali lako ni gumu kuliko linavyoonekana. Tarehe 8 Septemba 2002, gazeti la New York Times lilidai katika ukurasa wa mbele kwamba Iraq ilikuwa ikitafuta mirija ya alumini kwa ajili ya mitambo ya kurutubisha urani ya kutengenezea bomu la nyuklia, na walionukuliwa walikuwa maafisa wa serikali wasiotajwa majina. Asubuhi hiyo hiyo Makamu wa Rais Dick Cheney alihojiwa na televisheni ya NBC, akaitaja mirija hiyo na kulitolea mfano gazeti lenyewe. Habari ilitoka serikalini, ikapita gazetini, ikarejea serikalini ikiwa na heshima ya gazeti. Wapo wataalamu wa Wizara ya Nishati ya Marekani walioamini kwamba mirija ile ilifaa zaidi kwa roketi za kawaida, lakini shaka yao haikupewa uzito unaolingana na madai yale.

Mwandishi anayeripoti habari za Ikulu ya Marekani huwategemea maafisa kwa riziki yake ya kila siku. Akiwaudhi, simu zake hazipokelewi, na mwenzake wa gazeti shindani hupata habari ambayo yeye ameikosa. Mazoea hayo hufanya kazi ambayo kwingineko hufanywa na mkaguzi wa habari wa serikali, tena huifanya vizuri zaidi, kwa kuwa mwandishi mwenyewe hajioni kuwa amezuiwa.

Walikuwapo waliokwenda njia nyingine. Katika ofisi ya Washington ya kampuni ya Knight Ridder, iliyomiliki magazeti zaidi ya 30 ya mikoani, waandishi Jonathan Landay na Warren Strobel, chini ya mhariri wao John Walcott, hawakutosheka na kauli za vigogo bali waliwatafuta maafisa wa ngazi za chini na za kati wanaoshughulika na taarifa zenyewe za kijasusi, nao wakawaeleza kwamba ushahidi ulikuwa dhaifu. Habari zao zilichapishwa bila kuzuiwa na serikali. Hata hivyo, kampuni hiyo haikuwa na gazeti New York wala Washington, na kwa hiyo wanasiasa waliokuwa wakiamua juu ya vita hawakuzikuta mezani asubuhi.

Kwenye televisheni hali ilikuwa mbaya zaidi. Shirika la FAIR, ambalo hufuatilia mwenendo wa vyombo vya habari, liliwahesabu watu waliotokea katika taarifa za habari za jioni za vituo vinne vikubwa kuanzia tarehe 30 Januari hadi 12 Februari 2003, yaani siku zilizozunguka hotuba ya Waziri wa Mambo ya Nje Colin Powell ya kuutetea msimamo wa vita mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Kati ya watu 393, waliotoka katika harakati za kupinga vita walikuwa 3 tu, ilhali tarehe 15 Februari mamilioni ya watu waliandamana kuvipinga vita hivyo katika miji mingi duniani. Mwishoni mwa mwezi huo kituo cha MSNBC, ndugu wa NBC, kilikiondoa kipindi cha Phil Donahue, mtangazaji aliyekuwa akiwaalika waliopinga vita, ingawa ndicho kilichokuwa na watazamaji wengi zaidi kituoni hapo. Waraka wa ndani uliovuja ulieleza kwamba mtangazaji huyo angekuwa sura ya kuipa NBC taabu mbele ya umma wakati wa vita. NBC wakati huo ilikuwa mali ya General Electric, kampuni iliyotengeneza pia injini za ndege za kivita. Sidai kwamba mmiliki alitoa amri, na sidhani kama ilihitajika amri.

Tarehe 26 Mei 2004 New York Times lilikiri hadharani kwamba baadhi ya habari zake hazikuchunguzwa kwa ukali uliostahili. Kufikia hapo vita vilikuwa na zaidi ya mwaka mmoja.

SWALI: Je, si kweli kwamba Marekani huwaenzi wapinzani wake? Dkt. Martin Luther King ana sikukuu yake ya kitaifa. – Mwalimu, Kisumu

JIBU: Mwalimu, sikukuu hiyo iliidhinishwa mwaka 1983, miaka 15 baada ya kuuawa kwake. Akiwa hai, kura ya maoni ya Gallup ya mwaka 1966 ilionyesha kwamba asilimia 63 ya Wamarekani walikuwa na maoni mabaya juu yake. Mambo yalizidi tarehe 4 Aprili 1967, alipohutubia katika kanisa la Riverside, New York, akasema kwamba serikali yake ndiyo mwenezaji mkubwa kuliko wote wa ukatili duniani, na kwamba vijana weusi walikuwa wakipelekwa Vietnam kulinda uhuru ambao hawakuupata Georgia wala Harlem. Gazeti la Washington Post liliandika kwamba amepunguza manufaa yake kwa harakati zake, kwa nchi yake na kwa watu wake. New York Times, ambalo liliwahi kuunga mkono madai ya haki za raia, liliona kwamba kuchanganya haki hizo na suala la vita ni kosa, na chama cha NAACP, kinachotetea haki za Wamarekani weusi, nacho kikajitenga. Aliruhusiwa kudai kiti kwenye basi. Alipohoji bajeti ya jeshi, aliambiwa hayo si mambo yake. King anayekumbukwa kila Januari ni yule wa mwaka 1963, wa hotuba ya "Nina ndoto", na wahariri wengi hawana haja ya yule wa 1967.

SWALI: Basi tutazame vituo vya Urusi na China? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Vitazame ukipenda, kwani huonyesha mambo ambayo wengine huyaacha, lakini kumbuka kwamba tangu Machi 2022 sheria ya Urusi inamtishia kifungo cha hadi miaka 15 anayesambaza kile ambacho serikali inakiita uongo kuhusu jeshi lake. Mimi napendelea njia ya I. F. Stone, aliyechapisha jarida lake dogo jijini Washington kuanzia mwaka 1953 hadi 1971, akisoma nyaraka za serikali na kumbukumbu za Bunge ambazo wenzake waliona uvivu kuzifungua. Ndivyo alivyoyatilia shaka mapema maelezo rasmi kuhusu mapigano ya Ghuba ya Tonkin ya Agosti 1964, yaliyotumiwa kuhalalisha kupanua vita vya Vietnam.

Nyaraka kama hizo leo zinapatikana bure kwenye intaneti. Anza na muhtasari wa ripoti ya Seneti kuhusu mateso ambayo CIA, shirika la ujasusi la Marekani, liliwafanyia washukiwa wa ugaidi, uliotolewa Desemba 2014. Miongoni mwa waliotajwa humo yumo Mtanzania aliyekamatwa Mogadishu mwaka 2003, ambaye baadaye aliungana na wenzake kuwashtaki wanasaikolojia wawili waliobuni mbinu za mateso hayo, na kesi ikamalizwa kwa makubaliano mwezi Agosti 2017.