Mteremko wa mbio za skii: ugumu uanzie chini

Ukitaka kujua kama mteremko wa mbio za skii, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, umeandaliwa sawasawa, usimtazame anayeshuka wa kwanza, mtazame wa arobaini. Kona zikiwa zimechimbika mifereji, kosa si la asubuhi ile. Lilianza siku kadhaa nyuma, ndani ya theluji.

Theluji iliyoanguka usiku ni hewa tupu: mita moja ya ujazo huwa na kilo 100 hivi au pungufu. Ya mashindano inatakiwa ifike kilo 500 na zaidi. Ndiyo maana waandaaji hupenda theluji ya mashine, ambayo chembe zake ni za mviringo na hushindilika upesi. Olimpiki ya Beijing 2022 iliitegemea karibu yote.

Mashine ya kusawazisha ipite jioni, kwa sababu chembe zilizosagwa huhitaji saa kadhaa za baridi ili zigandane. Penye mwinamo mkali, kama pale Mausefalle kwenye mteremko wa Streif huko Kitzbühel, Austria, ambapo mwinamo hufikia asilimia 85, mashine ifungwe kebo ya winchi, yaani mtambo wa kuvuta kwa kebo. Bila hivyo minyororo yake huteleza na kuikwangua theluji yote.

Kisha maji, ili theluji igande ngumu hadi ndani, na hapa ndipo wengi huharibu. Ukimwagia kwa mpira wa maji, juu hufanyika kioo na chini hubaki unga. Kingo za skii zikipasua kile kioo, mshindani anazama. Tumia bomba la mita kadhaa lenye matundu madogo yaliyopangwa mstari mmoja. Lilaze juu ya theluji, maji yapenye kwa shinikizo, hesabu sekunde chache, kisha lisogeze. Hesabu iwe ileile kila mahali, maana kipande laini katikati ya njia ngumu ni hatari kuliko njia nzima iliyo laini. Chimba shimo pembeni uone maji yamefika wapi. Kazi hii inataka usiku mkavu wa baridi kali, siku chache kabla ya mbio. Theluji yenyewe ikiwa karibu na nyuzi sifuri, maji hayagandi; unabaki na uji.

Chumvi ni ya siku za joto, theluji ikiwa imelowa. Huyeyusha theluji kidogo, na kule kuyeyuka hunyonya joto la jirani, hivyo maji ya pembeni huganda. Kwenye theluji kavu unaipoteza bure. Punje laini hushika haraka na kuisha nguvu mapema. Punje nene huchelewa, lakini hushuka ndani na kudumu. Jaribu kwanza nje ya njia. Ukishaitia huwezi kuitoa, na theluji iliyotiwa chumvi hudhoofika baadaye, kwa hiyo usiichezee siku ya mazoezi kama mbio ni kesho.

Theluji mpya ikianguka usiku wa kuamkia mbio, isukumwe nje ya njia. Kuishindilia juu ya ile ngumu ni kujidanganya, kwani tabaka hizo mbili hazishikani. Baada ya washindani kadhaa, watu washuke kwa ubavu wa skii kufagia mabonge yaliyolegea. Nguzo zinazoonyesha njia ya mbio zikihamishwa, mashimo ya zamani yazibwe kwa theluji iliyoloweshwa, ishindiliwe kwa kisigino cha buti.