Siku moja Cascais na mama mwenye magoti mabovu

Dada, umesema una siku moja tu ukiwa Lisbon, mama magoti yanamsumbua, na unauliza kama Cascais, mji wa pwani karibu na Lisbon, Ureno, itamfaa. Itamfaa sana, ila msikimbizane na vivutio.

Pandeni treni kituo cha Cais do Sodré jijini Lisbon, kama dakika 40 hivi, mkae upande wa mto Tejo. Mjini, mama avae viatu vya raba: vijiwe vyeusi na vyeupe vya uwanja wa Praça 5 de Outubro vimesuguliwa na nyayo mpaka vinateleza, hasa vikilowa.

Kisha fuateni njia ya ufukweni kuelekea mji jirani wa Estoril. Ni tambarare, kama kilomita 2 hadi 3, bahari iko pembeni muda wote. Akichoka, kituo cha Monte Estoril kiko katikati. Pandeni treni hapo.

Mkate na zeituni mnazoletewa mezani bila kuagiza hulipiwa mkizila. Kataeni tu kwa adabu.

Maji ya Atlantiki ni baridi hata kiangazi. Bendera nyekundu ikipepea, msiingie kabisa. Ufukwe wa Guincho, nje ya mji, uacheni, upepo na mikondo yake ni mikali. Goti la mama likivimba, amwone daktari kabla ya safari.