Re: Malindi hadi eyapoti ya Moi, Mombasa, natoka saa 7, ndege saa 11 jioni, nitawahi?

Huwahi. Wallahi huwahi. Watoka saa 7 na matatu halafu waulizia kilo za mzigo na dola zabadilishwa wapi, utazipeleka wapi na ndege ishaenda?

Mimi nlifanya hivyo hivyo. Makanga pale steji akanambia "masaa mawili tu mzee, njia nyeupe", nami mjinga nkapiga hesabu, kilomita 120, mbili zatosha. Kwanza gari ikangoja ijae, nusu saa hiyo. Gede wakashuka wawili wakapanda wanne. Kilifi makanga akashuka kununua korosho (!!) nasi twamngoja. Mtwapa ndo nlikokufa, saa nzima twaangaliana na tangazo moja la sabuni mpaka nkalihifadhi kama juzuu, kisha Bamburi jam, daraja la Nyali jam, nkashushwa Mwembe Tayari nkadandia tuktuk na begi mapajani, Makupa, Changamwe malori ya kontena mbele na nyuma. Nafika kaunta yule dada anitazama kama nimekuja mazikoni na arubaini ishasomwa. Tiketi 14,500 imekwenda hivyo, hairudishwi. Yule makanga nlimtafuta wiki mbili, bahati yake.

Sasa nisikize. Eyapoti haiko kisiwani, iko bara, upande wa Changamwe. Mjini waingia kufanya nini? Wenzetu wa kusini washapata barabara ya Dongo Kundu, watoka Kwale hadi Miritini bila kuionja feri ya Likoni, sisi huku reli haijafika hata ya mkoloni, kwa hivyo jisaidie mwenyewe. Kodini gari watu wanne mchangishane, mkishavuka daraja la Kilifi, pale Mavueni KATA KULIA. Kaloleni, Mazeras, kisha kushoto umeingia barabara ya Nairobi, wapita Miritini kwenye steshini ya SGR, Changamwe, umefika. Kona ni nyingi, mama mkwe wangu alitapika mara mbili, na malori ya kule kwenye barabara kuu utayakuta tu, lakini Mtwapa na Nyali huzioni kabisa.

Dereva atakwambia hiyo ndefu, mafuta sijui nini. Mwambie Mavueni ama pesa hakuna. Na utoke saa 4 asubuhi, hiyo saa 7 yako iwachie makanga.