Nimesahau Miwani Nyumbani

Barua za safari hii zimetoka kwa vijana wenye uoni hafifu na wasioona kabisa. Simu ilinisomea zote nikawa nacheka peke yangu, kwa sababu nyingi zina uongo ninaoujua vizuri: "Samahani, nimesahau miwani nyumbani." Niliutumia miaka saba. Miwani yenyewe sikuwahi kuwa nayo. Nina ugonjwa wa Stargardt, ulionianza nikiwa na miaka 13, na hakuna lenzi inayorudisha kile ambacho retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, imekipoteza katikati. Kila barua naitanguliza, kisha jibu langu.

Barua ya kwanza: Nina miaka 17. Naona kama kwa tundu: kilicho mbele nakiona, cha pembeni sikioni, na giza likiingia ndiyo basi. Nimepewa fimbo nyeupe lakini imelala mkobani. Siku niliyoitoa, abiria mmoja aliniona nasoma simu, akasema kwa sauti kwamba naigiza upofu. Niitumie au niiache?

Mdogo wangu, huyo abiria anaamini watu ni wa aina mbili tu, anayeona na asiyeona. Vipimo vya Shirika la Afya Duniani vina hatua kadhaa kabla ya kufika kwenye upofu, na upofu wenyewe unaanzia chini ya 3/60 katika jicho lenye nafuu. Yaani kile ambacho mwenye macho mazima hukitambua akiwa mita 60, wewe usogee hadi mita 3 na bado kikupige chenga. Wengi wanaohesabiwa vipofu huona mwanga, kivuli, hata umbo la mtu.

Unayoyaeleza yanafanana na retinitisi pigmentosa, ingawa wa kuthibitisha ni daktari wako. Katika ugonjwa huo, seli za retina zinazohudumia giza na pembeni ndizo hutangulia kufa, za katikati hufuata baadaye. Kwa hiyo mtu anasoma herufi ndogo kwenye simu, kisha anajikwaa kwenye kigoda kilicho mbele ya magoti yake. Mimi ni kinyume chako: kigoda nakikwepa, ila uso wa mama yangu siutambui hata akiwa hatua mbili. Tukitembea pamoja, mimi na wewe, anapatikana mtu mmoja mwenye macho.

Fimbo itoe. Inapapasa ardhi, sawa, lakini kwa sisi tulio kati ya kuona na kutoona kazi yake kubwa ni kukusemea kabla hujafungua mdomo. Dereva anapunguza mwendo, na uliyemgonga bega anaelewa bila maelezo. Kama ndefu inakutisha mchana, ipo fupi ya kuashiria tu. Ndefu iweke kwa ajili ya usiku. Ukiisimamisha, kwa kawaida hukufika kifuani. Tafuta mwalimu wa ujongeaji akufundishe namna ya kuizungusha, usijifunzie kwenye ngazi.

Na wanaosema unaigiza hawakudai kitu. Ukiwa na nguvu siku hiyo, waambie, "Naona katikati tu." Ukiwa huna, teremka kituo chako.

Nina miaka 21. Macho yaliniondoka ndani ya miezi mitatu. Sasa naona vitu visivyokuwapo: ukuta wa matofali, maua mezani, vijitu vidogo vyenye kofia. Sijamwambia mtu. Je, nimerukwa na akili?

Hujarukwa. Inaitwa hali ya Charles Bonnet, kwa jina la mwanafalsafa wa Geneva aliyeandika mwaka 1760 habari za babu yake, mzee mwenye akili zake timamu ambaye macho yalipofifia alianza kuona watu, ndege na majengo yasiyokuwapo. Ubongo uliozoea kuletewa picha, usipoletewa, hujitungia zake. Huzungumzwa kama jambo la wazee kwa sababu wazee ndio wengi miongoni mwa wanaopoteza uoni, lakini huwapata vijana na hata watoto. Mimi yangu ilikuwa kama sega la nyuki, la zambarau, juu ya kila ukuta mweupe. Lilikaa karibu mwaka mzima, nami, niseme kweli, nililizoea hadi nikalipenda kidogo.

Kinachoitambulisha ni kwamba picha hizo hazina sauti, hazikuamrishi chochote, na wewe mwenyewe unajua si za kweli. Zikija, badilisha mwanga: washa taa kama ulikuwa gizani. Simama. Hamisha macho haraka kushoto na kulia bila kugeuza kichwa, mara kadhaa. Nyosha mkono ukiguse hicho unachokiona. Kwa wengi hupungua kadiri miezi inavyopita, ingawa wapo wanaokaa nazo miaka. Mwambie daktari wa macho na umtajie jina hilo, maana wengine hawaulizi na wagonjwa hawasemi, kila mmoja akiogopa hicho unachokiogopa wewe. Vile vijitu vikianza kuzungumza nawe, au ukaanza kuviamini, hilo ni jambo jingine na usichelewe kwenda.

Usikae nayo peke yako leo. Mwambie mtu mmoja, hata kwa mzaha: "Kuna vijitu vyenye kofia chumbani kwangu."

Simu inanisomea kila kitu. Kwa nini mwalimu ananishikilia nijifunze breli?

Niko upande wa mwalimu, na nasema hivi nikiwa mvivu wa breli mwenyewe. Sauti inakupa habari, haikupi tahajia. Nimesikia majina ya watu miaka mingi, na siku ya kuyaandika nikaaibika. Jaribu pia kusikiliza mlinganyo wa hesabu wenye mabano matatu, halafu uniambie ulipotelea wapi.

Aliyebuni maandishi haya, Louis Braille, alikuwa kijana kama wewe. Alijiumiza jicho akiwa mtoto katika karakana ya baba yake huko Ufaransa, na kufikia 1824, akiwa na miaka 15, alikuwa na mfumo wake. Kabla yake palikuwa na mfumo wa nukta 12 wa Charles Barbier, mtu wa jeshi, lakini herufi zake zilikuwa ndefu kuliko ncha ya kidole. Kijana akakata hadi nukta sita. Zote zinaingia chini ya kidole kimoja bila kukisogeza, na zinatoa mipangilio 63. Tena hulazimiki kuchagua: kuna vifaa vinavyounganishwa na simu na kuinua nukta chini ya vidole vyako, ukasoma hotuba yako kwa mkono huku mdomo ukizungumza. Mwenye kusikiliza kwa spika ya sikioni hawezi kufanya hivyo bila kubabaika. Nimejaribu.

Vitabu vya chuo hunifikia katika hali ninayoweza kuvisoma, mitihani ikiwa mlangoni.

Waombe walimu orodha wakati wa likizo, usingoje muhula. Chuo kikijitetea kwa hakimiliki, kitajie Mkataba wa Marrakesh wa 2013, unaofanya kazi tangu 2016. Katika nchi zilizojiunga nao, taasisi zenye idhini zinaweza kutengeneza nakala za breli, za sauti au za kielektroniki bila kumwomba ruhusa mwenye haki.

Tumeandikiana na msichana miezi miwili. Anataka tuonane. Hajui kwamba sioni. Nimwambie kabla, au akishanifahamu?

Kabla, kaka, na kwa mstari mmoja, katikati ya mipango ya saa na mahali: "Mimi sioni, kwa hiyo ukifika niite jina." Usitangulize "kuna jambo zito nataka kukueleza", maana atafikiri una mke. Wala usiombe radhi.

Anaweza kutoweka. Itauma. Lakini itakuuma ukiwa nyumbani kwako, na si ukiwa umesimama mahali usipopajua, ukimngoja mtu aliyekwisha kukuona akageuza.

Dada yangu wa miaka 15 haoni tangu azaliwe. Mama anamfulia, anamfunga viatu, hata akiulizwa jina mama ndiye anayejibu.

Mama anaogopa, na hofu yake haitaondoka kwa hotuba yako. Anza na lililo mikononi mwako. Mtu akikuuliza wewe, "Huyu anaitwa nani?", nyamaza, kimya kikizidi, dada atajibu. Kisha mfundishe kazi moja mama akiwa hayupo. Usimkamate mikono na kuiendesha. Weka yako kwenye kazi, yeye aweke yake juu ya yako, afuate, halafu wewe utoke. Mama akirudi akute nguo zimeanikwa, basi.

Nilicheza mpira hadi macho yalipokwisha. Kuna namna?

Ipo, na ni ngumu kuliko ule uliouacha. Soka la wasioona lina wachezaji watano kila upande, na mpira una njuga ndani. Kipa anaona, wengine wote wanafunikwa macho, ili anayeona kivuli asimzidi asiyeona kitu. Ukimwendea mwenye mpira lazima uite "voy", yaani "nakuja" kwa Kihispania, la sivyo ni faulo. Mashabiki wanakaa kimya mpaka goli liingie. Umo kwenye Paralimpiki tangu Athens 2004, na Brazil walichukua dhahabu tano mfululizo, hadi Paris 2024 dhahabu ilipokwenda kwa Ufaransa. Tafuta chama cha michezo cha watu wenye ulemavu kilicho karibu nawe uulize. Wakikosa timu ya soka, omba golboli, ambayo haitaki watu wengi: watatu kwa watatu, mnajilaza chini kuzuia mpira wa kilo 1.25. Magoti yatalalamika.

Naomba kazi. Niandike kwenye barua kwamba sioni vizuri?

Usaili wangu wa kwanza sikusema. Nikakabidhiwa karatasi ya maswali, herufi kama sisimizi, nusu saa. Nikasema, unajua nilichosema. Wakaniazima miwani ya mtu. Nikaivaa, nikaikodolea karatasi macho, nikaandika ninachokijua kuhusu kitu ambacho hakikuulizwa.

Barua ya maombi si lazima iseme. Ukishaitwa, sema, na uombe kitu chenye jina: mtihani kwenye kompyuta, herufi za ukubwa fulani, muda wa ziada. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, kifungu cha 27, unataka mahali pa kazi pafanyiwe marekebisho ya namna hiyo. Ila usianze na kifungu. Anza na kompyuta yako na programu yake ya kusoma skrini, uwaonyeshe ilivyo na kasi. Wengi hawajawahi kuisikia.

Nikisogeza simu puani, nitayamaliza macho yaliyobaki?

Hapana. Ukisogeza, herufi inakua, hakuna zaidi ya hapo. Kitakachouma ni shingo. Inua simu, usiinamishe kichwa.